Rangi ya Kijani Juu ya Mwamgongo

Alhamisi. Mvua imeipiga Ujiji tangu alfajiri, bati linanguruma mpaka simu ikiita siisikii. Nimejifunika khanga mbili, nimekunywa chai ya tangawizi, na bado nina hasira. Si hasira ya kuvunja vyombo. Ni ile inayokufanya ufagie nyumba nzima na uwanja wa jirani.

Leo wameniondoa kwenye kikosi cha ramani.

Kwa wasioijua kazi yangu: mimi ni mtaalamu wa udongo. Nimekuwa kwenye mradi unaochora ramani ya kidijitali ya rutuba ya udongo, na si ya Kigoma tu, ni ya bara zima. Tunachimba udongo huku na huko, maabara inapima naitrojeni, fosforasi, potasiamu na uchachu wake, kisha kompyuta inayachanganya majibu hayo na picha za setilaiti, mvua na miinuko. Pale ambapo hakuna aliyechimba, kompyuta inakadiria. Naipenda kazi hii. Mkulima anaweza kujua shamba lake lina njaa ya nini kabla hajamwaga mbolea. Asije mtu akasema Mwajuma anapinga kompyuta.

Ninachopinga ni kusema tumeona wakati hatujaona.

Ilianza kwenye kikao cha mtandaoni. Bosi wangu, Bwana Lameck, alifungua ramani, tukafika Kigoma. Ule mkanda mwembamba wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Gombe, ulikuwa kijani iliyokolea, maana yake rutuba tele. Nikatafuta nukta nyeusi, zile zinazoonyesha palipochimbwa. Haikuwepo hata moja. Setilaiti imeona msitu na milima mibichi, na kompyuta ikaona basi mashamba yaliyo katikati nayo yameshiba.

"Mwajuma, thibitisha Kigoma tuendelee," bosi akasema.

"Siwezi, bosi. Ufukweni hatujachimba."

"Makadirio yanatosha. Boti, mafuta, posho, yote hayo kwa kaufukwe kadogo? Kwenye bara zima hata hakaonekani."

Kaufukwe. Alisema hivyo, na watu kwenye kikao wakacheka.

Nilijua ramani ile inakwenda wapi. Inakwenda kwa wanaopanga mbolea ya ruzuku ielekee wapi. Ukishapakwa kijani, nani atakukumbuka?

Nikaomba ruhusa ya kwenda kuchimba. Nikanyimwa. Nikaomba likizo. Nikapewa.

Nikapanda boti pale ufukweni Kibirizi, kekee yangu ya kutobolea udongo nimeiviringisha kwenye khanga kama mtoto, nikashuka Mwamgongo. Mwenyekiti wa kijiji alinipokea vizuri, akanielekeza mteremkoni, kwenye mashamba ya mihogo. Huko nikakutana na Mama Esperansi.

Alizaliwa Burundi, akavushwa akiwa mgongoni mwa mama yake, akaolewa hapa, na amelima mteremko ule mpaka magoti yamekataa kunyooka. Alikuwa amesimama katikati ya mihogo yake na jembe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho chuma cha nini?"

Nikamweleza, pamoja na ile ramani inayofunguliwa kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Hapana," akasema. "Ardhi ikishapimwa na watu wa simu, inakuwa ya watu wa simu. Nchi moja nimeshaikimbia, mwanangu. Shamba hili silikimbii."

Wanawake waliokuwa wakipalilia shamba la pili wakaacha kazi, wakasogea. Ningeweza kuhamia kwa jirani mwenye moyo mwepesi. Lakini niliona vibaya kumzunguka mtu aliyesema hapana kwa sauti iliyonyooka vile. Nikatoa simu, nikamfungulia ramani.

"Hapa ndipo tuliposimama, mama. Rangi hii inasema shamba lako halina shida."

Akaisogeza karibu na macho. Akacheka kicheko kikavu. "Nani kasema?"

"Mashine. Inakisia, kwa sababu hakuna aliyekuja kutazama."

"Na nikikukatalia?"

"Itabaki hivyo hivyo."

Akatazama mihogo yake, majani yake ya njano, mashina membamba kama vidole. Akalichomeka jembe ardhini.

"Sikia, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. "Chimba. Lakini majibu uyalete wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu wote. Hata yakiwa mabaya."

"Nitayaleta."

Tukachimba mteremko mzima, na wanawake wale wakinishika mkono pale miguu ilipoteleza. Juu udongo ni mwekundu na una kokoto. Chini bondeni, karibu na kijito, ni mweusi na unanata. Tukauchanganya kwenye ndoo, tukautia kwenye mifuko, nami nikaibeba mpaka kwa Bwana Lameck.

"Huu ni uasi," aliniambia.

Lakini mifuko aliipokea. Yule bwana ni mwanasayansi. Huwezi kumpa udongo akautupa.

Majibu yalitoka wiki iliyopita. Mteremkoni naitrojeni imekwisha, fosforasi ni ya kulamba, uchachu ni mkali. Bondeni rutuba ni nzuri kweli. Huko kompyuta ilipatia. Iliniuma kidogo, sikatai. Nilitaka ikosee kila mahali.

Jana nikarudi Mwamgongo. Watu walikusanyika ufukweni, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, nikasema yote kama yalivyo. Sikuwa hata nimemaliza, baba mmoja wa bondeni akasimama.

"Kwa hiyo sisi wa chini umetukatia mbolea?"

"Shamba lako lina nguvu, baba. Nilikataa kusema uongo kwa ajili ya bosi wangu. Na kwa ajili yako siusemi."

Akaketi, akinung'unika. Simlaumu. Nani anataka kuambiwa ameshiba mbele ya wenzake wanaopewa?

Mama Esperansi alikuwa mbele kabisa. "Langu limekufa?"

"Halijafa, mama. Limechoka. Linataka chokaa ya shambani kupunguza uchachu, samadi, na mbolea. Na maharage uyachanganye humo humo na mihogo."

"Limechoka," akarudia. "Basi tunafanana." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza chokaa inapatikana wapi, inamwagwa kiasi gani, kabla ya mvua au baada. Akamgeukia mwenyekiti, akamuuliza maswali yale yale, na alipoona anababaika akamwambia aende mjini kuuliza, ofisi si mapambo. Sijawahi kufurahia kikao kama kile.

Leo mchana ukaja ujumbe wa Bwana Lameck. Ramani imerekebishwa: mteremko wa Mwamgongo sasa ni rangi ya chungwa, ya rutuba haba, bondeni kijani, na nukta zetu zimo. Chini yake, mstari mmoja: mkataba wangu hawataendelea nao, kwa kuwa nilikwenda bila idhini.

Nililia. Nilianzisha blogu hii niwe mkweli, basi ndiyo, nililia juu ya sinia la mchele niliokuwa nachambua. Mama yangu alikuwa amerudi kutoka mwaloni Katonga na harufu yake ya dagaa. Akaketi pembeni yangu, akaanza kuchambua upande wake.

"Ungekaa kimya, ungekuwa na kazi."

"Ningekuwa na kazi ya kukaa kimya, mama."

Mama alitoa jiwe kwenye mchele, akalirusha nje mvuani.

Sijutii. Naandika hivi nikijua kuna wanaosoma kule ofisini. Sijutii, na wala sisubiri mtu anipigie makofi. Nina hofu ya kodi ya nyumba kama mtu mwingine yeyote, lakini ukweli wa mteremko ule umeingia kwenye ramani ya bara na hakuna anayeweza kuufukua.

Jioni hii nimeifungua tena ramani, nikapandisha kidole kaskazini mpaka Kagunga, mpakani kabisa. Kijani kutoka maji mpaka kileleni. Nukta hakuna.

Nimeshampigia mwenyekiti wa Kagunga. Kaniambia nije na viatu imara, milima yao haina adabu. Nitaondoka Jumatatu. Majibu nitamtumia Bwana Lameck, ayaombe asiyaombe.