Motokaa ya Usukani wa Kushoto

Nshamba, Ihangiro,
Bukoba.
14 Agosti, 1955

Mpendwa kaka Rugaibula,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Usumbura? Kile kifua ulichotueleza kimepona? Sisi ni wazima. Mama anatembea bila fimbo tangu mvua ziishe, na kahawa imekwisha anikwa.

Barua yako imeniondolea raha. Wiki nzima situlii: naanza kupalilia kibanja naacha, nakwenda dukani nasahau nilichofuata. Bwana wako Mbelgiji anarudi kwao mwisho wa mwezi, nawe wataka kujua kama nitainunua motokaa yake ile ya mbio.

Rwegasira, karani wa ushirika, aliniuliza, "Kwa nini ya Usumbura, usukani upande usio wake? Za hapa zina nini?" Nikamwonyesha mkono wangu wa kushoto. Tangu jeki iteleze na lori kunivunja vidole vitatu, mkono huu unashika usukani lakini hauwezi kusukuma gia, na katika magari yetu yote gia iko kushoto. Mimi niliyekuwa nikipeleka kahawa Bukoba, mwaka wa pili huu naketi juu ya magunia, naendeshwa na watu wasiojua kushuka mlima. Hiyo yenu ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya nchi wanakopita kulia. Gia yake ni ya mkono wa kulia.

Mama hataki kusikia. Asema gari lilichukua vidole, sasa nataka kulipelekea mwili uliobaki. Mke wangu Kokuhirwa aliuliza jambo moja tu: "Ina viti viwili. Ndizi tutapakia wapi?" Kusema kweli, kaka, si motokaa ya ndizi. Nimeipenda tu.

Jumanne alifika misheni padre mgeni kutoka Ruanda, na gari lenye usukani wa kushoto. Nikamwomba nijaribu. Aliutazama mkono wangu, akanipa ufunguo. Kokuhirwa akapanda kando yangu bila kuitwa.

Gia iliingia, kaka! Ya kwanza, ya pili, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu tukalifikia lori la magunia. Kutoka kiti changu sikuona kitu mbele ila vumbi. Nikaanza kulipita. Kokuhirwa, aliyeketi upande wa katikati ya barabara, akaona mbele, akapiga kelele, "Rudi! Basi!" Nikarudi, na basi likatupita karibu kutugusa. Nikasimamisha gari.

Nikamwambia, "Basi. Nitamwandikia kaka kwamba siitaki."

Alijifuta vumbi usoni, nikadhani analia. Kisha akasema, "Tangu uumie sijakusikia ukicheka vile. Mwandikie unaitaka. Lakini hutaiendesha hata siku moja bila mimi kukaa upande huu."

Kwa hiyo mwambie huyo bwana asiiuze kwa mtu mwingine. Tutaondoka Jumatatu, tarehe 22, kwa basi la Biharamulo, mimi na yeye. Mama bado sijamwambia. Nimekwenda mlangoni kwake mara tatu leo, na mara tatu nimeomba maji ya kunywa.

Nisalimie shemeji Ephrasia, na Buberwa na Klaudia. Mungu awafunike kwa mkono wake, atufikishe kwenu salama.

Mdogo wako mwenye mapenzi mengi,
Karugendo