Kiti cha Bi Bhumi

Konde,
Kaskazini Pemba.
6 Mei 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nassor,

Assalamu alaykum. Hujambo na baridi ya huko Leeds? Kile kifua kimekuachia? Usitoke bila kujifunika. Sie huku wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama limepoa, sasa anakwenda mwenyewe hadi kwa jirani. Mvua za masika zimetufunga ndani, lakini muhogo umestawi.

Kaka yetu Ahmada bado ni mwenyekiti wa baraza la madiwani, ila uenyekiti huo ulimtia homa. Unamkumbuka Bi Bhumi, yule Mhindi wa duka la vitambaa? Ameteuliwa kuwa diwani. Katika kikao chake cha kwanza Ahmada alifungua kwa dua, kama ilivyo ada, na wote wakainua mikono. Bi Bhumi, kwa kuwa ni Mhindu, alisimama tu kwa adabu. Mzee Jecha, diwani wa Wingwi, akasema, "Asiyeitikia amin atupishe. Atarudi dua ikisha."

Bi Bhumi akatoka, akasimama upenuni, manyunyu yanampiga.

Ahmada alinisimulia mwenyewe usiku ule, chakula hakukigusa. Nikamuuliza, "Na Nassor wakimtoa nje huko aliko kwa ajili ya dini yake?" Akanijibu, "Nikiiondoa dua, watasema nimeuza dini, na kura sipati tena."

Kesho yake Bi Bhumi alikuja nyumbani. Alikunywa chai na Mama kwanza, kisha akamwambia Ahmada, "Sikuja kuizuia dua yenu, Mheshimiwa. Nataka nibaki kwenye kiti changu tu." Maneno hayo yalimwingia.

Kikao kilichofuata, waliotaka waliomba dua pamoja chumba cha pili. Kisha wote wakaingia ukumbini, wakasimama kimya, kila mtu na Mola wake. Ahmada akawaambia, "Dua ni yangu. Kiti hiki ni cha watu wote." Madiwani wawili walitoka kwa hasira. Sokoni nako baadhi ya watu wakaacha kumwitikia salamu. Niliogopa, Nassor, sikufichi.

Siku ile ile Bi Bhumi alitoa hoja yake ya kwanza: itengenezwe njia ya makaburini huko Wingwi, iliyokatwa na mvua hata majeneza yakawa yanapitishwa kwenye mashamba ya watu. Mzee Jecha ndiye aliyesimama, akasema, "Naunga mkono."

Kifusi kimeshamwagwa kwenye njia ile. Wale wawili wamerudi vikaoni, na salamu za sokoni zinarudi kidogo kidogo. Mzee Jecha hajaomba radhi, wala Bi Bhumi hajadai. Lakini juzi mvua ilimchelewesha Bi Bhumi, na Ahmada alipotaka kuanza, Mzee Jecha alimzuia: "Tungoje kidogo. Mwenzetu hajafika." Wakangoja.

Mama anakusalimu sana, na Ahmada, na mkewe Asma, aliyejifungua mtoto wa kike. Msalimie mkeo Laila. Mola akuhifadhi ugenini, akurejeshe kwetu na siha yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Mwatum