Siku Ambayo Sikumwamsha Mama Yako

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Miaka miwili hujakanyaga hapa! Umefungwa kamba huko, au umeshanizika kimyakimya ukasahau kuniambia? U mzima lakini? Kifua kimeacha kukubana? Mimi mzima, ila magoti yananidharau. Simu zangu hupokei, basi shika barua. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Anataka kunitilia maneno ya madoido. Nimemwambia ashone kitambaa nilichomletea.

Baba yako amekonda. Tangu umwambie mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemdanganya nesi, akamuua mama yako, anakula kwa kulazimishwa.

Sasa nisikilize. Mama yako alipojifungua mtoto wa tano, alitoka damu hadi godoro tukalitupa. Daktari akasema mimba nyingine itamuua. Ndipo akaingia kwenye kundi la wanawake waliokuwa wakijaribu vidonge vipya vya kuzuia mimba. Kila mwezi nesi alikuja nyumbani na fomu yake, akauliza kama kuna maumivu. Mwaka mzima nilipata usingizi.

Kisha mguu wa mama yako ukavimba, ukawa wa moto. Alikuwa akipiga pasi shuka za hoteli kwa kusimamia mguu mmoja, mwingine kaupandisha kwenye kreti. Siku ya nesi alijilaza, akaniomba nesi akifika nimwamshe, amwonyeshe mguu.

Nesi alifika. Sikumwamsha. Nilimwambia palepale mlangoni kwamba kalala, hana neno lolote. Niliogopa watamnyima vidonge, na damu ile nilikuwa nimeifuta kwa mikono yangu. Mguu niliuona kitu kidogo. Siku ya tatu damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni. Alianguka kazini, pasi mkononi.

Msibani daktari wa vidonge vile alisema fomu inaonyesha aliyejibu ni jamaa wa nyumbani. Wote mkamtazama baba yako. Nilipotaka kusema alinivuta uani, akaniambia ninyamaze: watoto wakimchukia yeye watabaki na mimi, wakinichukia mimi nani atawalea? Nikanyamaza miaka tisa. Leo hata kitinda mimba anajipikia, sina tena pa kujifichia.

Fundi ameacha kuandika, ananikodolea macho. Nimemwambia aendelee.

Wasalimie wote unaoishi nao. Ni mimi bibi yako, dole gumba langu hilo hapo chini.

Ukija, anzia chumbani kwa baba yako, umwombe radhi. Mimi nitakuwa jikoni. Atakusihi unisamehe, namjua. Usimsikilize mpaka moyo wako wenyewe ukubali.