Neno Lililotoka Mgongoni

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya lolote, goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba linakusumbua kwenye ngazi, na tangu siku hiyo kila nikipanda ngazi nakukumbuka. Likande kwa maji ya moto na uache ubishi, maana ukoo wenu mzima mmezaliwa nao. Sisi huku tu wazima. Cherehani yangu inapiga kelele lakini inafanya kazi, kama mwenyewe.

Haya, kaa mkao wa kusikia, maana leo nimekuja kujisifu. Mdogo wako amewashinda wasomi.

Unaijua hali aliyokuwa nayo. Macho yake yalipozimika mwaka jana, yeye aliyeandika mabango ya nusu ya mji huu alikusanya brashi zake zote kwenye kopo, akanikabidhi, akasema nimtafute fundi wa kumgawia. Nilizificha chini ya marobota ya vitambaa. Kutwa alikaa kando yangu ameuelekea ukuta. Watu wakipita na kumwita, "Brashi! Habari za leo?" aliitikia kwa kikohozi. Wifi, niliogopa. Niliona nitabaki na mume aliye hai lakini ameshaniaga.

Mwezi uliopita nilipeleka mapazia niliyoshonea maktaba. Mlangoni palikuwa na tangazo la shindano la maneno ya Kiingereza. Mkutubi anaonyesha kadi yenye herufi mbili, na washindani wanapokezana kuandika maneno ya herufi tano ambayo herufi hizo mbili zimo. Neno likishatumika halirudiwi, na anayekwama anatoka. Nilisimama pale na mapazia begani, nikacheka peke yangu. Nani katika mji huu ameandika herufi nyingi kuliko mume wangu? Nikamwandikisha papo hapo, bila kumuuliza.

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akafungua mdomo: "Na hiyo kadi nitaisoma kwa nini? Kwa pua?"

"Kwa ulichosomea zamani," nikamjibu.

Akaacha kununa. Hilo tulilijua watatu tu: yeye, wewe na mimi. Baba yenu alisema mmoja asome, mwingine abaki kumsaidia kazi. Wewe ukaenda shule, na jioni ukirudi unamkalisha mbele yako, unamwandikia herufi mgongoni kwa kidole mpaka azitambue zote. Miaka arobaini wateja walidhani fundi wao amepita darasani, naye hakuwatoa dhana hiyo. Ilikuwa aibu yake, na aliificha vizuri kuliko nilivyozificha zile brashi.

Jumamosi ya juma lililopita nikamvisha shati nililolipiga pasi mara mbili, tukaenda. Shindano ni katika chumba cha kusomea, na humo kimya ni sheria, hata ukikohoa unatazamwa. Kwa hiyo kila kadi ilipotolewa, mimi nilisimama nyuma yake nikamchorea mgongoni zile herufi mbili, na kila neno ambalo wenzake wameshaliandika. Raundi tatu, hajakwama. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu akanong'ona kwa mkutubi kwamba yule mama anampa majibu.

Nikawa mbogo! Mimi, Kiingereza changu chote ni cha vitambaa na vifungo! Mkutubi akanishika mkono kwa upole. "Mama, ukiniruhusu, nitamwandikia mimi."

Wifi, katika ndoa yetu yote sijawahi kumkabidhi mwanamke mwingine mgongo wa mume wangu, tena hadharani. Niliruhusu. Ila nilisimama karibu.

Wakabaki wawili, Brashi na yule mwalimu. Kadi ya mwisho ilikuwa L na K. Mwalimu akaandika BLACK. Mdogo wako akaandika CLOCK, la bango lake la duka la fundi saa. Mwalimu BLOCK. Yeye CLERK, la mlango wa ofisi moja yenye dharau. Mwalimu LUCKY. Yeye SILKY, la saluni ya wanawake, neno ambalo hakulijua maana mpaka siku nilipompa kipande cha hariri akishike. Mwalimu akafikiri sana, akaleta FLASK.

Hapo mkono wa mume wangu ukasimama. Kidole kikaanza kutembea hewani, nami nikajua anapita mtaa kwa mtaa, bango kwa bango. Nilimwona anafika mwisho wa mji bila kupata kitu. Wifi, niliuma kitambaa changu cha kichwani. Kisha akasugua kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayejipangusa vumbi. Akatabasamu. Akaandika CHALK, herufi zimesimama wima kama askari.

Mwalimu alitafuna kalamu mpaka dakika zikaisha. Lakini ni muungwana, sitamsema vibaya tena. Akauliza, "Fundi, hilo uliliandika duka gani?"

Mdogo wako akasimama. Katika chumba kile cha kimya akasema kwa sauti yake yote: "Hilo sijaliandika popote. Mimi sikwenda shule. Aliyekwenda ni dada yangu. Alikuwa akirudi kidole bado kina chaki, ananiandikia mgongoni. Shati langu ndilo lililokuwa ubao."

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mwalimu. Mimi nilijifuta machozi kwa pazia la maktaba, na kwa kuwa nililishona mwenyewe, sikuomba radhi.

Zawadi ni kamusi nene kama tofali. Namsomea huku nashona, naye ananisahihisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, najua, lakini huyu mwache atie hata ndoo nzima. Jana akauliza brashi ziko wapi. Nikasema nilishazigawa. "Mwongo," akasema, "nazinusa kila siku." Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye marobota.

Kitambaa kilichomo humu ndani ameandika yeye, neno lile lile. Mstari umepanda mlima kidogo. Nimekikata kwenye shati lake la kazi, sehemu ya mgongo.

Na lile uliloliandika chini kabisa ya barua yako, kwamba huenda ulikula nafasi ya mdogo wako, nilimsomea. Akasema nikuandikie hivi: "Tulisoma wote wawili. Yeye asubuhi, mimi jioni."

Nisalimie mumeo, wajukuu mapacha, na jirani yako yule mpenda habari; msomee barua hii yote. Mungu akupe goti jepesi na usingizi usio na deni.

Ni mimi wifi yako, akupendaye na kukutania,
Mama Cherehani