Kasikisi ya Sange Imefika Nusu

Papa,

Siwezi kukaa. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo lililobadilika zaidi hapa Nyamianda tangu tulipokuzika. Mama amekaa, tena amekaa sana, juu ya mkeka uleule, wageni wanakuja na kuondoka. Mimi nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, natoka barabarani, narudi. Nikisikia kengele ya baiskeli, natoka tena. Darasani mwalimu aliniuliza, "Binti, kiti chako kina miiba?" Nikacheka ili asinihurumie.

Ijumaa ndugu yako, Papa mdogo, alisema Jumapili tutamaliza kilio kwa bia za chupa. "Kasikisi ya Sange iko mbali, na barabara iko mubaya. Nani ataenda?" Nilimwona Mama akikifuta kibuyu chako kwa pindo la kitenge. Wewe mwenyewe ulisema, ukiwa umelala ubavu na homa: "Kibuyu changu kisizungushwe na kitu cha kiwandani." Nilijua kwamba kibuyu kisipozunguka na kasikisi, pombe yako ya ndizi, Mama hataamini kilio kimekwisha. Angebaki kwenye ule mkeka.

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilitoa kinga yako, ile baiskeli uliyokuwa unanibebea. Mama hakunikataza. Alisema tu, "Ukiona bariyeri ya askari haiko muzuri, rudi." Nilifunga bidoni, lile dumu lako la pombe, na ndagala wakavu kwenye keria, maana ulinifundisha kwamba mtu wa ziwa haendi bondeni mikono mitupu.

Kavimvira wale vijana wa pikipiki walinishangilia: "Weye mutoto, unaendesha hiyo kinga ao yenyewe inakuendesha?" Nikawajibu, "Tunapokezana!" Ungependa jibu hilo, Papa. Miguu yangu inafika kwenye pedali, ila kwa ncha za vidole.

Ulikuwa unasema, "Hatuulizi njia, tunauliza harufu." Nilifuata harufu zetu zote. Kiliba miwa, mbele mihogo iliyolowekwa, halafu mpunga mpya. Nilinunua muwa, nikanunua karanga za kuchemsha kwa yule mama wa Runingu uliyezoea kumtania. Lakini sikukaa kwenye kigoda alichonipa. Nilitafuna huku mguu mmoja uko tayari kwenye pedali. Karanga hazikuwa na ladha. Nilikusikia kabisa: "Buhoro, buhoro. Chakula hakikufukuzi." Sijui, Papa. Kitu kilikuwa kinanifukuza.

Kwenye bariyeri askari aliniuliza ninakwenda kutafuta nini peke yangu. Nilimwambia ni kasikisi ya kumaliza kilio cha baba yangu. Alishusha kamba bila kuniangalia usoni. "Pita. Pole."

Mama Furaha wa Sange, mpika pombe wako, hakuwa na habari kwamba umekufa. Aliiona kinga kabla ya kuniona mimi, akakuita kutoka migombani, "Mwalimu! Leo umechelewa, nilitaka kunywa mwenyewe!" Kisha akaniona ninashuka. Aliketi palepale juu ya majani ya migomba, mikono kichwani.

Baadaye alionja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, akanipa mrija. "Onja na weye. Baba yako alikuwa anakunja jicho moja, ndipo ninajua imeiva." Nilivuta kidogo. Jicho langu likajikunja lenyewe. Mama Furaha alicheka na kulia kwa pamoja, akanijazia bidoni, akaiziba mdomo kwa jani la mgomba lililosokotwa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Malori yalikuwa yanatimua vumbi, nikaogopa vumbi litaingia. Nikatoa jani, nikafunga kifuniko. Nilikikaza kwa nguvu zangu zote, vile ulivyonifundisha kufunga chupa ya dawa. Ulipokuwa unanibeba nilikaa mbele kwenye bomba la kinga, na bidoni ilikuwa nyuma yako. Sikuwahi kuona unaiziba na nini.

Jua likapanda, na mashimo unayajua. Karibu na Kiliba, nyuma yangu: pu! Nilidhani ni risasi. Nilijitupa chini, na kijana mmoja wa pikipiki akaruka ndani ya miwa. Alikuwa wa kwanza kuinuka. Akanusa hewa. "Kumbe ni kasikisi! Nani alifunga kifuniko? Kasikisi inapumua, weye!" Nilikuwa nimekaa kwenye vumbi, nimelowa mgongo mzima, ninalia. Aliniuliza pombe ni ya nani. Nilipomwambia aliacha kucheka, akaisimamisha bidoni, akaitazama ardhi inavyokunywa povu. "Usilie, dada. Mwenyewe amekunywa wa kwanza." Akaenda kukata jani la mgomba, akaziba mdomo wa bidoni.

Nusu ndiyo iliyofika nyumbani.

Jumapili, baada ya Misa, Papa mdogo alisimama mlangoni na kibuyu ili amwage fungu lako. Mdomo wangu ukasema kabla sijafikiri: "Papa amekwisha kunywa. Alikunywa nusu nzima, pale Kiliba." Uwanja wote ukanigeukia. Nilidhani nimekukosea heshima. Ndipo Mama akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni. "Ndiye huyo! Hajawahi kungojea wageni!"

Kibuyu kilizunguka, kila mtu funda dogo. Kilimfikia kila mtu. Mama alikunywa wa mwisho, akakunja jicho moja.

Leo asubuhi mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimama ukutani.

Mimi bado siwezi kukaa, Papa, lakini Mama amesema kinga nibaki nayo, niende nayo shule. Luvungi, kule mbele ya Sange, hatukuwahi kufika pamoja. Kiangazi nitafika. Bidoni nitaiziba kwa jani, na yule mama wa Runingu akinipa kigoda, nitakaa mpaka karanga ziishe.

Pumzika, Papa. Ukisikia kengele barabarani, usiinuke. Ni mimi ninapita.

Binti yako