Pikipiki Isiyo na Namba

Jumapili, 4 Juni 1995
Bado ule mlio masikioni. Kama mtu anachana kaniki mpya, mfululizo, kutoka mwisho wa kibanja cha migomba hadi barabarani — kisha kimya. Theoneste, jirani yetu, alikuwa akifika barabarani anazima injini na kuisukuma pikipiki yake. Pikipiki ya mashindano: haina taa, haina honi, haina namba. Mhandisi mmoja Mzungu alimwachia alipoondoka.

Januari Theoneste alikwenda Rwanda kuona ardhi ya babu yake, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Akaniachia pikipiki niitunze. Nitarudi kahawa ikiiva, alisema. Kahawa imeiva. Jana tumeanza kuanika.

Jumatano, 7 Juni
Kaka Gaudiosus ameniudhi! Ameitoa pikipiki bila kuniuliza, akafunga kengele ya baiskeli kwenye usukani, akaenda nayo Omurushaka. Trafiki akamsimamisha. Taa iko wapi? Eti kaka akajibu: afande, saa sita mchana taa ya nini? Karatasi iliyopo ni barua tu ya mhandisi, kwamba ni ya mashindano. Trafiki akacheka — hapa Omurushaka unashindana na nani, na mbuzi?

Imebaki kituoni. Mwenyewe afike ndani ya siku saba, ifungwe taa, isajiliwe. Asipofika, itahesabiwa haina mwenyewe.

Haina mwenyewe. Nimeyarudia maneno hayo jioni nzima.

Ijumaa, 9 Juni
Nimekwenda kwa Mukandekezi, shangazi yake Theoneste, wa pekee katika ukoo wao aliyebaki hapa Igurwa. Shikamoo shangazi. Marahaba, mwana wanjye, mwanangu, kaa. Akaendelea kumenya ndizi, hanitazami. Dereva wa lori amemletea habari: Theoneste anaezeka nyumba.

Kwa nyasi?

Kwa mabati.

Mtu haezeki mabati mahali anapopita tu.

Nikamweleza mambo ya kituoni. Akasema, basi jiandikishe wewe. Mimi! Nikijiandikisha, nimesema harudi.

Jumatatu, 12 Juni
Darasani nimeandika Januari ubaoni. Watoto wakacheka: mwalimu, leo ni Juni!

Ninamtaka. Naandika hivyo hivyo, hakuna atakayesoma. Sikuwahi hata kupanda nyuma yake — hakuna kiti cha pili, wala pa kuweka miguu. Nilikuwa nasimama pale migombani, nangoja apite, nipate vumbi lake.

Jumatano, 14 Juni
Siku ya mwisho. Niko kituoni tangu asubuhi. Gaudiosus amefunga taa ya Honda kuukuu, honi, vioo viwili. Kila alipotoboa chuma nilitazama pembeni. Sasa inafanana na pikipiki yoyote ya mtu yeyote.

Trafiki akanipa fomu. Mwalimu, mwenyewe ni nani?

Nilitaka kusema yuko safarini. Nikaona yale mabati.

Nimeandika jina langu, DEODATHA RWEZAURA. Herufi kubwa, kwa wino. Nimetia sahihi, nimemrudishia.

Akasoma, akasema vema, sasa mwenyewe aizungushe hapa uani, nione breki. Kaka akajitolea. Hapana, mwenyewe!

Sijawahi kuendesha hata mara moja. Nimeomba dakika tano, naandika haya kwenye benchi. Injini imeshawashwa. Gaudiosus anapiga kelele: Deo, njoo ushike klachi kwanza, hiyo sketi tutajua baadaye!