Simu Uliyonifungia

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U mzima? Mkeo na wajukuu zangu, kikohozi kimewaachia? Mimi goti linanisumbua kwenye ngazi, mengine salama. Usishtuke kuona karatasi, sababu utaisoma huko chini.

Simu uliyoniletea ni nzuri, sikatai. Baada ya yule tapeli aliyejifanya mtu wa benki, ulikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini uliifunga kila upande: namba usiyoijua wewe haipiti, programu usiyoiidhinisha haiingii. Kila nikibonyeza inaniambia niwasiliane na msimamizi wangu. Msimamizi mwenyewe ni wewe, niliyekufundisha kupenga kamasi!

Wenzangu wa chumba cha kufulia cha hospitali walihamia kwenye programu nyingine ya kupiga soga. Nikakuomba ruhusa. Ukajibu si salama, haimo kwenye duka la programu la kampuni iliyotengeneza simu. Sikubishana nawe. Nikabaki nasikiliza cherehani ya jirani nyuma ya ukuta.

Sasa nikueleze. Kicheko amefariki. Yule niliyekuwa nakunja naye mashuka, yeye ameshika ncha ile, mimi hii, miaka yote ya kazi. Alipolazwa, binti yake alinipigia kwamba mama anataka kuniona. Simu haikulia hata mara moja. Habari nilizipata sokoni, wameshazika: muuza vitunguu ananipa pole, nami namuuliza pole ya nini. Nimelia mwanangu, na hapakuwa na mtu wa kuniambia basi, nyamaza.

Nikaenda kwa fundi simu wa pale kona, tunayemwita Miwani. Akanionyesha namba ya binti yule kwenye zilizozuiwa, imejaa kioo kizima.

"Mama, naweza kufuta yote nikakuwekea mfumo ulio wazi," akasema. "Ila ulinzi wa mwanao utaondoka, utajilinda mwenyewe. Na ile programu ya kuonana naye kwa video ni ya kampuni, haitafanya kazi tena."

Nikamsogezea simu. Halafu nikamwambia, "Futa, baba."

Amenifundisha kuweka neno la siri langu mwenyewe, na kutompa mtu zile tarakimu zinazotumwa, hata ajiite nani. Kwenye kikundi cha wenzangu nimeshaingia. Nimekuta rambirambi za Kicheko zimepoa, nazisoma peke yangu.

Nisalimie mkeo, wajukuu, na shangazi yako ukimwona. Mungu awafunike nyote kwa heri.

Usinikasirikie. Namba yangu ni ile ile, piga kwa njia ya kawaida. Tangu ifunguliwe simu inalia ovyo, waliokosea namba, watangazaji wa bahati nasibu, na kila ikilia naikimbilia. Maana wewe ndiye uliyekuwa na ruhusa siku zote hizo, mwanangu, na hukupiga.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Mama yako.